Tusinunue kungʼaa

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu,

Wengi kati yetu wanataka kujifunza kuandika programu. Wanaulizana: tununue ordinatere gani ya kubeba? Natoa maoni yangu, sababu mimi nilikosa, na baba ndiye alilipa kosa langu.

Mwaka uliopita baba aliuza mbuzi tatu, akanipa feza. Sokoni kulikuwa mashini mbili: moja ya kungʼaa, ingine nzee yenye mikwaruzo. Nikachukua ya kungʼaa. Kumbe memori yake ni giga 2 tu! Tena Windows yake ilikuwa ya kunakiliwa pasipo ruhusa. Nikifungua programu mbili, inasimama kama gari katika matope.

Basi mimi naona hivi. Kwanza, tuangalie ndani, si inje: memori giga 8, disike ya SSD, na batri nzima. Umwambie muuzaji atoe waya, mukae pale mungojee. Kwetu umeme unakatika. Batri ikikufa, kazi nayo imekufa. Mashini nzee yenye hivi vyote inapita mupya isiyokuwa navyo.

Pili, sistemu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kipande cha ulinzi, TPM 2.0, na mashini nyingi za zamani hazina. Lakini Linux inapatikana bure. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kule Helsinki, Finland, naye alikuwa mwanafunzi kama sisi. Python, C na Java zinatumika ndani yake vizuri. Na kuinakili si wizi: fulashi moja inatosha kalasi nzima.

Wengine watasema: “Ofisi nyingi zinatumia Windows.” Ni kweli. Tena mwenye kutaka kutengeneza programu za iPhone atahitaji Mac, sababu Xcode inatumika kule tu. Lakini sisi tunaanza. Mwenye kuanza anahitaji sistemu ambayo anaweza kuifungua, kuiharibu na kuiweka tena pasipo kuomba mutu feza.

Mimi niliweka Debian katika mashini yangu. Inatembea polepole, lakini inatembea. Mbuzi za baba hazitarudi. Wewe ambaye hujanunua bado, fikiri mbele ya kutoa feza ya wazazi.

Mwenye wazo lingine aandike, tulisome.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano