Siyu Ina Sanaa Yake ya Ibada

Wanaosimulia sanaa ya ibada ya nyumbani huanzia Ulaya ya Zama za Kati, kwenye vibao vidogo vyenye picha za Bikira Maria ambavyo mtu alisali mbele yavyo chumbani. Wakiulizwa kuhusu Lamu, hutoa madai yafuatayo. Hakuna hata moja linalosimama.

“Sanaa hiyo ni ya Ulaya.” Mwishoni mwa karne ya 14, Richard II wa Uingereza alikuwa na kibao chake cha kusalia, naam. Lakini Ethiopia, enzi ya mfalme Zara Yaqob (1434–1468), mchoraji Fere Seyon naye alimchora Maria juu ya mbao. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na sanaa hiyo.

“Uislamu unakataza picha, kwa hiyo pwani haikuwa na lolote.” Kuacha kuchora viumbe si kuacha sanaa. Katika karne ya 18 na ya 19, waandishi wa Siyu, kisiwani Pate katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano. Uzuri waliuweka kwenye maneno yenyewe ya Mungu.

“Kazi nzuri hivyo iliagizwa Uarabuni.” Kilichoagizwa ni karatasi, tena ya Ulaya: ukiuinua ukurasa kwenye mwanga, alama ya kiwanda huonekana. Mkono ulioijaza ni wa Siyu. Utafiti wa Zulfikar Hirji, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha misahafu mitatu ya Siyu na kuonyesha kuwa mapambo yake yana mtindo wa pamoja. Anayeujua mji wa Lamu atautambua udugu wake na nakshi za milango na za zidaka, yaani vishubaka vya ukutani.

“Ni mapambo tu, hayana kazi katika ibada.” Hili ndilo dai linalopotosha zaidi. Duara lililotiwa rangi pembezoni mwa ukurasa humwonyesha msomaji mgawanyo wa msahafu katika sehemu zake, yaani juzuu. Anayekusudia kuhitimisha msahafu katika Ramadhani kwa kusoma juzuu moja kila siku huijua hatua yake kwa jicho, kabla hajaanza kusoma. Nakshi inamwongoza msomaji kama mnara wa taa unavyomwongoza nahodha.

“Ibada ya Waislamu ni ya msikitini, si ya nyumbani.” Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka mtawala wa Siyu, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, akimfunza wajibu wake kwa Mungu na kwa watu wa nyumbani mwake. Mafunzo ya dini yalitoka kwa mama, ndani ya nyumba, yakawekwa kwenye maandishi.

Msahafu mmoja wa Siyu, wenye majalada mawili, uko leo katika Makumbusho ya Fowler, Los Angeles. Mwanafunzi wa Kenya anastahili kuukuta kwanza katika kitabu chake cha shule, jina la Siyu likiwa limeandikwa wazi. Mji uliotoa kazi ya namna hii haupaswi kutajwa kwa magofu na ngome yake peke yake.