Lafudhi ya Mona Lisa

Mnamo Novemba 2009, shirika la BBC liliwaonyesha watoto wa Uingereza kisa cha ajabu katika mfululizo wa kubuni wa kisayansi, The Sarah Jane Adventures. Katika kisa hicho, "Mona Lisa's Revenge", mchoro maarufu wa Leonardo da Vinci uko katika jumba la sanaa jijini London. Mara bibi aliyemo anajitoa kwenye fremu, anatembea, anavipa uhai vilivyochorwa na kuwafungia binadamu ndani ya picha.

Wengi waliyatazama maajabu hayo kwa macho. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ni isimu, nilitega sikio. Mwigizaji Suranne Jones, mzawa wa pande za Oldham kaskazini mwa Uingereza, alimpa Mona Lisa lafudhi ya huko kwao. Je, yawezekanaje bibi wa Firenze kuzungumza kama jirani wa Manchester?

Nami nauliza: alipaswa kuzungumza vipi? Hakuna Kiingereza kisicho na lafudhi. Ile inayodhaniwa haina ni lafudhi iliyopewa cheo tu. BBC yenyewe iliunda kamati ya kuwashauri watangazaji kuhusu matamshi mwaka 1926, na kwa miaka mingi sauti za kaskazini zilikuwa adimu katika usomaji wa habari.

Huenda msomaji akanikumbusha kwamba bibi huyo ni mwovu katika kisa. Ni kweli. Lakini si mtumishi wala mpumbavu aliyeletwa achekwe kwa matamshi yake. Ni mjanja, mwenye amri, na wote wanamhofu.

Historia inatufunza zaidi. Wataalamu wengi wanaamini kwamba aliyechorwa ni Lisa Gherardini wa Firenze. Lahaja ya mji huo ndiyo iliyokuwa msingi wa Kiitaliano sanifu, kwa sababu Dante, Petrarca na Boccaccio waliipa fahari kwa maandishi yao. Haikuteuliwa kwa kuwa ulimi wa Firenze ulizaliwa bora kuliko ule wa Venezia au Napoli.

Sisi nasi tuna yetu. Mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, mlangoni pa Kimvita, lahaja iliyobeba tungo za Muyaka bin Haji katika karne ya 19. Kimvita hakikukosa ufasaha wala adabu. Shule na wachapishaji walihitaji kawaida moja ya kuandikia, na uamuzi ukafanywa.

Siupingi usanifishaji. Bila huo, mwalimu angesahihisha insha kwa kipimo gani? Ninachokipinga ni kicheko. Mtoto wa Mombasa asemaye "nti" badala ya "nchi" huambiwa amekosea, ilhali anasema kama babu zake. Yule wa bara anayebadilisha "r" na "l" huigwa na darasa zima, na pengine mwalimu naye akacheka. Hata michezo yetu ya kuchekesha aghalabu huifanya lafudhi ya kabila fulani kuwa kichekesho kizima, pasipo haja ya kutunga kingine.

Matokeo yake twayajua sote tuliofundisha. Mwanafunzi aliyechekwa mara mbili hanyanyui mkono mara ya tatu. Na asiyesema hawezi kusahihishwa.

Walimu wenzangu, tufundishe sanifu kwa bidii, na katika mtihani tuidai. Lakini tumweleze mwanafunzi kuwa sanifu ni vazi la shughuli maalumu, na kwamba alilokuja nalo kutoka nyumbani si tambara. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akisimama kusoma, sikilizeni anachosema kwanza. Watoto wa Uingereza waliweza kumsikiliza Mona Lisa kwa lafudhi ya Oldham. Haitatushinda kumsikiliza aliyeketi dawati la pili.