Kwa Filamu ya Kenya, Si Mbaya

Sentensi ninayoichukia kuliko zote katika mazungumzo ya sinema ina maneno sita tu. Utaisikia mkitoka ukumbini, watu wakiwasha simu na mmoja akiuliza kama mvua imeacha. Mtu ameangalia muvi ya saa moja na nusu, amelipa tiketi, amelipa nauli, amenunua bisi kwa bei ya pakiti mbili za unga, halafu ukimuuliza ameionaje anakwambia: kwa filamu ya Kenya, si mbaya. Anaisema kwa upole, hata anatabasamu. Anadhani amesifu.

Hajasifu. Ametukana kwa adabu. Jaribu kuipeleka sentensi hiyo kwingine uone. Mwambie mama wa chapati pale steji kwamba kwa chapati ya Kenya, si mbaya. Mwambie Eliud Kipchoge kwamba kwa mkimbiaji wa Kenya, anajaribu. Ni kwenye sinema tu ndipo tumekubaliana kwamba jina la nchi ni kisingizio, na mwenye kusamehewa anatakiwa aseme asante.

Nami nimeisema, tena mara nyingi. Nitafika hapo.

Kwanza nieleze nilikotoka. Mimi nilijifunza kuangalia filamu kwenye kibanda cha mabati Dandora, benchi za mbao, pazia jeusi mlangoni, kiingilio shilingi tano. Wengi wenu mnajua mahali kama hapo. Sauti tuliyoifuata haikuwa ya Schwarzenegger wala ya Jackie Chan, ilikuwa ya DJ Afro, akitafsiri, akitania, akitia chumvi, akimwonya adui kabla hajapigwa. Nusu ya tulichopenda hakikuwa kwenye filamu kabisa. Lakini shule yenyewe ilikuwa zile kelele za watazamaji. Kulikuwa na fundi wa viti aliyekuja na vumbi la mbao kwenye nywele. Siku moja, katikati ya pigano la kung fu, akauliza kwa sauti: “Hawa maadui ni kumi, mbona wanaingia mmoja mmoja kama wako foleni ya kinyozi?” Kibanda kizima kikacheka. Tangu siku hiyo sijaweza kuangalia pigano bila kuwachungulia wale waliosimama nyuma, wanarusharusha mikono wakingoja zamu yao.

Hayo ndiyo naita maoni. Mtu aliangalia, akaona kitu, akakisema, na mimi nikaanza kuona vizuri zaidi. Tulibishana wiki nzima kuhusu Commando, ile ya 1985, kama mtu mmoja anaweza kumaliza kisiwa kizima cha wanajeshi na nywele zisiharibike. Na tuliipenda! Hakuna aliyedhani kuuliza swali ni kukosa mapenzi. Hakuna aliyesema “kwa filamu ya Marekani”.

Sasa linganisha na tunavyobonga kuhusu zetu.

Nairobi Half Life ilitoka 2012, David “Tosh” Gitonga akiiongoza, ikawa filamu ya kwanza kupelekwa na Kenya kuwania Oscar ya lugha za kigeni. Miaka yote hii mazungumzo yetu kuihusu ni neno moja, “noma”, halafu tunaendelea na mambo mengine. Lakini mnakumbuka inavyoanza? Mwas yuko kijijini anauza DVD, na ili mtu anunue anamwigizia vipande vya muvi papo hapo, mkono juu, sauti nzito. Yaani ni mshabiki kama sisi, anauza maoni yake kwa mwili wake. Joseph Wairimu anakibeba kile kipande bila aibu yoyote, na ukikikosa hutaelewa kwa nini kijana huyo anaweza kuwa mwizi mchana na mwigizaji jioni bila kupasuka katikati. Hilo ni jambo la kuongea hadi usiku. Na hili pia: filamu haijui imfanyie nini Amina. Anaishi katikati ya wanaume wawili, na sisi hatujui anataka nini akiwa peke yake. Nilisema hivyo kwenye meza moja Ngara mwaka jana. Nikaulizwa kwa nini nachukia vya kwetu.

Au chukua Supa Modo ya Likarion Wainaina, 2018. Mtoto Jo ni mgonjwa, hatapona, anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea ndoto hiyo. Kila mtu anasema alilia. Sawa, hata mimi nililia, nilitoka na leso imelowa. Lakini kulia si maoni, hata kitunguu kinaliza. Ninachotaka tubishanie ni yule mama, Marrianne Nungo. Filamu inatusukuma tumwone kama anayezima furaha, anayetaka mtoto alale kitandani wakati dada yake anataka aruke. Mimi niko upande wa mama. Naona yeye ndiye anayekijua kifo kinachokuja, na hasira yake ndiyo kitu cha kweli zaidi pale ndani. Kuna mtu ataniambia nimekosea, kwamba bila uongo wa kijiji Jo angekufa mara mbili. Huyo mtu namtafuta. Nimemtafuta tangu 2018, napata tu wa “nililia sana”.

Mwaka huohuo tulikuwa na Rafiki ya Wanuri Kahiu. Ilienda Cannes, hapa nyumbani ikapigwa marufuku, kisha mwezi wa Septemba Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku 7. Watu wakajaa kumbi. Tulibishana sana kuhusu haki ya kuiona, na ilibidi tubishane, maana filamu isiyoruhusiwa haiwezi kuwa na watazamaji wa kuikosoa. Lakini filamu yenyewe ikapotea katikati ya kelele. Walioichukia hawakuwa wameiona. Wengi walioipenda walipenda uamuzi wa mahakama. Zile rangi zote za waridi, jinsi mtaa mzima unavyogeuka kuwa macho, Samantha Mugatsia anavyonyamaza (aliyekuja kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO 2019), hayo tulimwachia nani?

Na kuna neno jingine ambalo limeanza kunichosha, “muhimu”. Nawi, ya 2024, iliitwa muhimu hadi neno likachakaa. Msichana wa Turkana amefaulu mtihani, anataka sekondari, baba anamuoza apate mifugo. Ndiyo, ni suala muhimu. Basi tukazungumza kuhusu suala, kama tuko warsha ya shirika fulani na chai ya saa nne inakuja. Michelle Lemuya Ikeny alipata tuzo ya Africa Movie Academy kwa kazi yake mle ndani, na bado unaweza kusoma maoni kumi kuihusu filamu hiyo usikutane na sentensi moja juu ya uso wake. Ukiiita filamu muhimu unakuwa umejitoa kwenye kazi ya kuiangalia.

Hapa ndipo mtu ananiambia: bajeti. Wewe hujui hawa watu wanatengeneza filamu na nini. Kamera ya kukodi, waigizaji wanalipwa nauli na chakula, jirani anawasha jenereta katikati ya kipande cha mapenzi. Najua. Nimeshika taa kwenye seti mbili za watu maskini, mkono wangu bado unakumbuka. Bajeti inaeleza jenereta. Haielezi kwa nini dada anamwambia kaka yake, “Kama unavyojua, baba yetu alifariki tukiwa wadogo.” Kufuta mstari huo ni bure. Hauhitaji mfadhili wala ubalozi, unahitaji msomaji mmoja mwenye roho ngumu.

Sijawasahau wale wa upande wa pili, wanaosema “mimi siangalii za Kenya” na kujiona wajanja. Hao sitawapotezea muda. Nitasema tu kwamba wao na wapole ni ndugu wa tumbo moja. Wa kwanza hakuingia ukumbini, wa pili aliingia akafumba macho kwa heshima.

Wazee wanatuambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku zote methali hiyo inamlaumu mgema. Mimi nataka kujua habari za wale wanywaji. Walionja maji, wakajua ni maji, wakapangusa midomo wakasema tamu.

Miaka mitatu iliyopita beshte yangu alionyesha filamu yake ya kwanza katika ukumbi mdogo tao. Tulikuwa kama 60, wengi tumesoma naye. Kila waigizaji walipotoka nje, sauti ilimezwa na upepo. Mama wa kwenye filamu alilia mpaka nikamaliza kumhurumia nikaanza kumhesabia dakika. Na yule kijana mkuu alitangaza kila alichohisi: nina hasira, naumia, sikuamini tena. Taa zikawaka, tukasimama, tukapiga makofi. Nikamkumbatia. “Buda, umeua.” Usiku nikaweka kwenye stetasi yangu kwamba filamu ya Kenya imefika, tokeni mkaione. Kwenye matatu ya kurudi Umoja tuliichambua wanne, tukacheka hadi kondakta akageuka kuangalia ni nini. Karibu kila tulichosema kilikuwa kweli, na kingemsaidia. Kilibaki kwa gari.

Mwaka jana akatoa ya pili. Upepo uleule, machozi yaleyale. Safari hii mmoja wetu alirekodi ujumbe wa sauti wa dakika tatu, wa kuchekesha mno, akiigiza mpaka ule upepo. Akautuma kwa kikundi ambacho si chetu wanne. Kikundi ambacho mwenye filamu alikuwemo.

Hakujibu siku mbili. Halafu akanipigia mimi, si yule aliyeutuma. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akauliza tu, “Hiyo ya upepo, mliisikia hata kwa ile ya kwanza?” Nikasema ndio. “Na hiyo ya maneno mengi?” Ndio. Akanyamaza, nikasikia televisheni ya kwao nyuma, watu wa taarifa ya habari. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, “Nyinyi mlinipigia makofi, nikaenda nikakopa tena.”

Mkopo wa sacco. Wadhamini wawili, mmoja ni mama yake. Bado anaulipa.

Sikuwa na la kumwambia. Nilitaka kusema tulikuwa tunamsapoti, nikaona neno lenyewe linanichekelea mdomoni. Tulichokuwa tunalinda ni ile jioni isiharibike, na sifa yetu ya kuwa marafiki wazuri. Alichopoteza yeye kina tarehe ya kulipwa kila mwezi.

Mwezi uliopita alinitumia nakala ya filamu ya tatu, haijakamilika, dakika 84. Hakuandika salamu, aliandika “sema”. Nimeiangalia mara mbili, ya pili nikiwa na daftari. Kuna kipande jikoni, ndugu wawili wanagawana sufuria za marehemu mama yao bila kuongea, kila mmoja akijifanya hataki ile kubwa. Kipande hicho nakionea wivu, ningetamani kingekuwa changu. Dakika 14 baadaye mmoja wao anasimama mlangoni anaeleza kwa maneno kila kitu ambacho sufuria zilikuwa zimeshasema. Na upepo bado upo, ingawa umepungua.

Jumamosi tunakutana Kenyatta Market. Nyama nitanunua mimi. Nitaanza na jikoni, tukishanawa mikono nitafungua daftari.