Maumivu ya Mguu Uliovunjika Yasivumiliwe



Vijijini tunamsifu mtu anayevumilia maumivu. Mkulima akivunjika mguu asilie, tunasema huyo ni mwanamume kweli. Tena tunasema, mvumilivu hula mbivu. Uvumilivu ni jambo jema shambani. Lakini kwa mguu uliovunjika, uvumilivu unaweza kumfanya mtu akatwe mguu. Tuone kwa nini.

Chini ya goti kuna mifupa miwili. Mfupa mkubwa uko mbele. Ukipapasa ugoko wako utauona. Mfupa mwembamba uko upande wa nje. Mifupa hiyo imezungukwa na misuli. Misuli hiyo imegawanyika katika mafungu 4. Fungu moja liko mbele, moja liko upande wa nje, na mawili yako nyuma kwenye shavu la mguu. Kila fungu limezungukwa na utando mgumu, kama vile limetiwa katika mfuko wake. Ndani ya mifuko hiyo hupita pia mishipa ya damu na mishipa ya fahamu.

Utando huo hautanuki. Jaza maharage makavu katika mfuko mdogo wa nguo, funga mdomo wake, kisha utie majini. Maharage yatavimba, lakini mfuko hautapanuka. Yatabanana mpaka mfuko uwe mgumu kama jiwe. Ndivyo inavyotokea mguuni. Mfupa ukivunjika, au mguu ukipondwa na gogo au pikipiki, damu huvuja ndani na misuli huvimba. Nafasi haipo. Mishipa midogo ya damu hubanwa, na damu haipiti. Misuli isiyopata damu hufa, kama mche usiopata maji.

Sasa fikiri, mguu huo umekwisha kubanwa kwa ndani, nasi tunaukaza kwa nje kwa mabanzi na kamba! Hatari hii haikujulikana jana. Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Richard von Volkmann, aliandika juu ya wagonjwa waliofungwa bendeji kwa kukazwa mno. Misuli yao ilikufa, na viungo vyao vikajikunja.

Dalili ni hizi:

1. Maumivu makali kuliko unavyotazamia. Hayapungui hata mguu ukituliwa na dawa ikitolewa.
2. Maumivu yanazidi sana vidole vya mguu vikikunjwa au kunyoshwa na mtu mwingine.
3. Mguu umekakamaa na kuwa mgumu.
4. Mgonjwa anasikia ganzi au kuchomwachomwa. Baadaye anashindwa kuchezesha vidole.

Usingoje mguu uwe wa baridi. Mguu unaweza kuwa na joto, na mshipa ukadunda, huku misuli inakufa ndani.

Muda ni mfupi. Misuli ikikosa damu kwa muda wa saa 6 hivi, inaweza kuharibika kabisa. Kama mguu umeanza kubanwa saa 4 asubuhi, basi ifikapo saa 10 jioni muda huo umekwisha. Anayesema "tungoje kesho" anachezea mguu wa mwenzake.

Ukiona dalili hizo, legeza kamba na bendeji zote mara moja. Weka mguu usawa wa moyo, usiutundike juu. Usiuchue wala kuukanda kwa maji ya moto. Mpeleke mgonjwa hospitali yenye daktari wa upasuaji. Kama amefungwa plasta hospitalini na maumivu yanazidi, mrudishe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Daktari atapasua ngozi na utando ili misuli ipate nafasi. Kidonda huachwa wazi siku kadhaa kabla ya kufungwa. Ndugu wa mgonjwa wasishtuke. Kukatwa utando si kukatwa mguu. Ni kuuokoa.

Sisemi kwamba waunga mifupa ni watu wabaya. Wengi wao wana nia njema, na watu wanawaamini. Kwa sababu hiyo hiyo, wao ndio wanaopaswa kuzijua dalili hizi kuliko wengine. Maoni yangu ni kwamba kila serikali ya kijiji iwaite waunga mifupa wake, wakae pamoja na mganga wa zahanati, wafundishane. Tena kijiji kipange mapema ni gari gani au pikipiki gani itakayombeba mgonjwa, na nani atalipa mafuta. Mambo hayo hayapangwi saa ya ajali, mgonjwa akiwa analia.

Na wewe unayeuguza, mgonjwa akisema "kamba inanibana", usimwambie ajikaze. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini huyu hakuficha. Amesema. Mfungulie.