Chupa Haikuandika Nyimbo za Shane MacGowan

Wacha niseme mapema ndio tusisumbuane baadaye: dokumentari ya Julien Temple kuhusu Shane MacGowan ni nzuri. Inaitwa Crock of Gold: A Few Rounds with Shane MacGowan. Ilitoka 2020, na mwaka huo huo ikapewa tuzo maalum ya majaji kwenye tamasha la filamu la San Sebastián, Uhispania. Itafute, utazame. Lakini ukimaliza, jiulize swali ambalo limenikaa kichwani tangu niione: filamu ya mtu aliyevunjwa na pombe inapewaje jina la raundi za baa?

Kwa wale hamjui huyu jamaa, MacGowan alikuwa mwimbaji na mtunzi wa The Pogues, bendi iliyoanza London mwaka wa 1982 ikichanganya muziki wa kienyeji wa Ireland na fujo ya panki. Alizaliwa Kent, Uingereza, siku ya Krismasi 1957. Wazazi wake walikuwa Waairishi, na sehemu ya utoto wake aliishi shambani kwa jamaa za mama yake, Tipperary. Wimbo wao Fairytale of New York, alioimba na Kirsty MacColl 1987, hurudi redioni huko kila Desemba. Alifariki Novemba 30, 2023, akiwa na miaka 65.

Kuna kitu filamu inafanya vizuri sana, na lazima niipe haki yake. Inaonyesha kwa nini watu walimpenda hivyo. London ya miaka ya sabini haikuwa mahali rahisi kuwa Mwairishi. Mabomu ya IRA yalikuwa yanalipuka mijini Uingereza, na ukifungua mdomo lafudhi ikatoka, watu walikuangalia kama mshukiwa. Mwaka wa 1974 mabomu yaliua watu 21 Birmingham, na wanaume sita kutoka Ireland wakafungwa maisha kwa kosa ambalo hawakufanya. MacGowan aliandika wimbo kuwahusu wakiwa bado ndani. Mwaka wa 1988 mamlaka ya utangazaji Uingereza ikaupiga marufuku. Mwaka wa 1991 mahakama ikawaachilia wote sita. Sasa niambie, nani alikuwa anaona vizuri, wale wenye suti au huyu mlevi wa meno mabovu?

Kwa hivyo akili ilikuwepo. Akiwa kijana alipata ufadhili wa kusoma Westminster, moja ya shule za kifahari kabisa London, kwa sababu ya vile alikuwa anaandika. Baadaye wakamfukuza kwa mambo ya dawa za kulevya. Lakini ile kalamu hakuipata kwa baa.

Hapo ndipo mimi na hii filamu tunaachana kidogo. Temple anamketisha MacGowan na marafiki, mmoja wao Johnny Depp, ambaye pia ni mmoja wa waliotoa filamu yenyewe. Glasi ziko hapo. MacGowan yuko kwenye kiti cha magurudumu, maana alianguka 2015 akavunjika nyonga na hakutembea vizuri tena. Maneno yanatoka polepole, halafu kile kicheko chake cha kukwaruza, kama tairi inayotoa hewa. Na wewe mtazamaji unajipata unacheka naye, unamwona legendi, mtu aliyekunywa akashinda kifo. Tatizo ni kwamba hakushinda. Tulikuwa tunamwangalia akipoteza, tena kwa picha safi na muziki mzuri.

Kama hunishiki, hesabu na mimi. Kati ya 1984 na 1990 The Pogues walitoa albamu tano akiwa nao. Baada ya kuachana nao alitoa mbili na bendi yake nyingine, The Popes: moja 1994, nyingine 1997. Hiyo ya 1997 ndiyo ilikuwa na jina hilo hilo la filamu, Crock of Gold. Halafu? Kutoka hapo mpaka anafariki ni miaka 26, na hakutoa albamu nyingine ya nyimbo zake mpya. Kama pombe ndiyo ilikuwa inaandika, mbona iliacha kuandika na yeye hakuacha kunywa?

Halafu chukua ile Fairytale of New York yenyewe. Watu hupenda kuamini ilimwagika tu usiku mmoja wa ulevi. Wapi! Yeye na Jem Finer wa The Pogues waliihangaikia kama miaka miwili, wakiandika, wakifuta, wakibadilisha, wakirekodi upya. Hiyo ni kazi, ile ya kuketi na kurudia mpaka itoke. Tunapoipatia chupa sifa, tunamnyang'anya huyu mtu kitu kimoja ambacho kilikuwa chake kabisa.

Najua mtaniambia, "Lakini bila pombe hangekuwa Shane." Haya, tuliangalie hilo. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba jamaa zake walianza kumpa pombe akiwa mtoto mdogo kule shambani. Akiwa bado kijana, kabla ya The Pogues, alilazwa miezi kadhaa hospitali ya magonjwa ya akili kwa sababu ya uraibu. Kwa hivyo ugonjwa ulikuwepo kabla ya umaarufu. Haikuwa bei aliyolipia kipaji. Aliandika nyimbo kubwa akiwa amebeba huo mzigo, mpaka siku mzigo ukamlemea.

Na msinifanye mhubiri. Mtu mzima ana haki ya kunywa, na mimi sina shida na mtu kufurahia maisha yake. Ninachouliza ni nani anafaidika tukifanya ugonjwa wa mtu kuwa burudani. Kwa simulizi ya James Fearnley, aliyepiga akodioni kwenye bendi, siku walipomfuta MacGowan wakiwa ziarani Japani mwaka wa 1991, jamaa aliwauliza mbona walichukua muda mrefu hivyo. Watu huisimulia kama kichekesho. Mimi naisikia kama mtu aliyechoka kusubiri mwenzake aseme, "Imetosha."

Aliyesema imetosha kwa sauti zaidi alikuwa Sinéad O'Connor. Mwaka wa 1999 alimripoti MacGowan kwa polisi kwa sababu ya heroini. Hebu fikiria vile alionekana: msaliti, mtu wa kuharibu stori, mwanamke asiyejua mambo yake. MacGowan alikasirika sana. Miaka baadaye akasema ile hatua ilimsaidia kuachana na heroini, na akamshukuru. Sinéad alitangulia yeye, Julai 2023. Wote wawili wameenda mwaka mmoja.

Hii kitu si ya Ireland peke yake, na nyinyi mnajua. Hapa kwetu kila wiki kuna klipu ya mzee amelewa chakari, ameulizwa maswali ya kijinga na kijana mwenye simu, na sisi tunacheka na kusambaza. "Mwekee ingine aongee!" Sisi watengenezaji wa maudhui tunajua hizo klipu zinaleta watazamaji kuliko kitu chochote tunachokesha tukihariri. Tofauti yetu na Depp ni kwamba kamera yake ilikuwa ghali.

Kwa hivyo itazameni hiyo dokumentari, kisha muende mkasikilize albamu za 1985 na 1988 mkiwa mmetulia. Utaskia mtu makini anayejua kila neno liko wapi na kwa nini. Na kama una rafiki msanii ambaye kila mtu anamwita "legendi" kwa sababu ya vile anakunywa, acha kumnunulia raundi. Muulize anaandika nini siku hizi. Kama hajaandika kitu mwaka mzima, kaa naye hapo, na usitoe simu.