Nzuri, Ila...

Akina mama wapendwa, hamjambo? Habari za nyumbani? Habari za watoto? Za kazi je? Bila shaka mmejibu "nzuri" mara tatu, hata yule ambaye hakufumba macho usiku kucha kwa sababu mtoto ana homa. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu hujibu "nzuri" kwanza, akishakaribishwa na kuketi ndipo neno lenyewe linapotoka: "Nzuri, ila mtoto hajalala." Habari ya kweli hukaa nyuma ya hiyo "ila".

Tumelikumbuka jambo hili kwa sababu ya simu yetu. Katika juma moja tu tumeulizwa maoni mara sita. Benki ilitaka tuipe alama kati ya 0 na 10 kwa dakika nne tulizosimama dirishani. Mtandao wa simu ulituma ujumbe wa kuuliza kama tumeridhika, na ujumbe huo ulifika wakati tungali tunazungumza na mhudumu mwingine wa mtandao huohuo kuhusu fedha iliyopotea. Duka la dawa nalo limeweka kibao chenye sura nne, ya kwanza inacheka na ya mwisho imenuna, nasi twatakiwa kubonyeza moja huku mkono mmoja umeshika dawa na mwingine umemshika mtoto. Mama mmoja katika kikundi chetu cha Jumatano alisema, "Mimi sasa naogopa kununua hata kiberiti, maana kitanifuata mpaka nyumbani kuuliza kama nimekipenda." Tulicheka sana. Lakini wengi walikuwa na kisa chao, na visa vingine havikuchekesha.

Hiyo alama ya 0 hadi 10 ina mwanzo wake. Mwaka 2003 Mmarekani mmoja, Fred Reichheld, aliandika katika jarida la Harvard Business Review kwamba kampuni inahitaji kuuliza swali moja tu: je, ungempendekezea rafiki yako huduma hii? Makampuni yalilipokea kwa mikono miwili. Ila hesabu yake ina jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Anayetoa 9 au 10 huhesabiwa kuwa rafiki wa kampuni. Anayetoa 7 au 8 hahesabiwi upande wowote. Anayetoa 6 kushuka chini huwekwa kundi moja na yule aliyetoa sifuri kwa hasira. Sasa fikiri mama wa kwetu, ambaye mwanawe akileta 7 kwa 10 humpongeza na pengine humwongezea kipande cha nyama. Akihudumiwa vizuri na kijana wa dirishani, anampa 7 kwa moyo mweupe, naye kijana hapati kitu. Akimpa 6, amemshitaki bila kujua. Mwaka 2021 Reichheld mwenyewe na wenzake waliandika tena, wakilalamika kwamba kipimo hicho kinatumiwa vibaya, hata wafanyakazi wanawabembeleza wateja wawape alama za juu.

Kubembelezwa huko tunakujua. Kijana wa pikipiki anayeitwa kwa simu hutufikisha mlangoni, anavua kofia na kusema kwa unyenyekevu, "Mama, naomba nyota tano." Mwanzoni tulidhani anatafuta sifa. Baadaye tulielezwa kwamba kampuni za namna hiyo huangalia wastani wa nyota, na dereva akishuka chini ya kiwango huweza kufungiwa asipate abiria tena. Kwa hiyo tunachoulizwa pale mlangoni si kama safari ilikuwa njema. Tunaulizwa kama kijana huyu ale au asile. Mama gani mwenye watoto atajibu swali hilo kwa haki? Tunabonyeza tano, na kampuni inaandika kwamba abiria wake wote wana furaha.

Sisi wauguzi hatuko nje ya jambo hili. Huko Marekani wagonjwa waliolazwa hutumiwa dodoso la serikali baada ya kuruhusiwa. Matokeo yake yalianza kutangazwa hadharani mwaka 2008, na tangu 2012 sehemu ya malipo ya hospitali ikafungamanishwa nayo. Mlikuwamo maswali kuhusu maumivu: je, yalitulizwa vizuri? Ni swali jema likiulizwa na muuguzi kando ya kitanda. Lakini lilipounganishwa na fedha, madaktari wengi walilalamika kwamba linawasukuma kuandika dawa kali za jamii ya afyuni, wakati nchi hiyo ilikuwa tayari inazika watu wake kwa dawa hizo. Mwaka 2016 serikali iliamua kuyaondoa maswali hayo katika hesabu ya malipo. Mgonjwa kuridhika na mgonjwa kupona si kitu kimoja, na kila mama aliyewahi kumshika mtoto achomwe sindano analijua hilo bila dodoso.

Hapa nyumbani tuna sanduku la maoni, lile la mbao lenye kufuli, ambalo ufunguo wake haujulikani uliko. Lakini kuna mwaka katika hospitali moja tuliyofanyia kazi tuliagizwa kuwapa wazazi fomu kabla hawajaruhusiwa kwenda nyumbani. Usafi wa wodi, muda wa kusubiri, lugha ya watumishi. Kila mstari una visanduku vya "mbaya", "wastani", "nzuri" na "nzuri sana". Kalamu ilifungwa kwa uzi. Nasi tulisimama palepale kando ya kitanda tukingoja fomu, bila kufikiri kwamba mama anayejaza anatuona, na kwamba kadi ya mtoto wake bado iko mkononi mwetu.

Mzazi mmoja, binti wa miaka kama ishirini, aliweka alama kwenye "nzuri sana" kuanzia juu mpaka chini. Tulifurahi. Tulimbebea mfuko hadi getini kumsindikiza, na pale alipokuwa akimsubiri shemeji yake ndipo alipotuambia, "Sista, huduma zenu ni nzuri, Mungu awabariki. Ila ule usiku wa pili mlipomchukua mtoto, mimi nilijua amekufa."

Usiku ule zamu ilikuwa yetu. Mtoto alikuwa amepoa mwili, tukamkimbiza chumba cha joto, akaendelea vizuri, na tuliandika kila kitu kwenye faili kama inavyotakiwa. Hakuna aliyerudi kumweleza mama yake. Aliketi kitandani tangu saa nane za usiku hadi mapambazuko, akiogopa kuuliza, kwa sababu kitanda cha pili kulikuwa na mama ambaye kweli alikuwa amempoteza wake. Fomu haikuwa na mstari wa jambo hilo. Hata ingekuwa nao, angejaza "nzuri sana", maana tulikuwa tumemsimamia.

Tangu siku ile, mtoto akichukuliwa, mmoja wetu hubaki na mama hata kwa dakika moja, amwambie mtoto anapelekwa wapi na kwa nini. Badiliko hilo halikutoka kwenye sanduku. Tulilipata getini, kwa sababu ya mfuko.

Tumesoma kwa furaha kwamba nchini Malawi, mwaka 2002, shirika la CARE lilianzisha njia ya wanakijiji kukaa wenyewe kwanza wakaipima zahanati yao, watumishi nao wakakaa wakajipima, kisha pande zote mbili zikaketi pamoja kuelezana. Nako kuna alama, lakini baada ya alama watu wanabaki wameketi. "Ila" inapata nafasi yake.

Mwaweza kuuliza, basi tufanyeje na ujumbe huu unaomiminika? Sisi tumeamua hivi. Ujumbe wa benki na mitandao tunaufuta bila kujisikia wakosaji; kununua huduma hakumfanyi mtu kuwa mtumishi wa takwimu. (Na ujumbe unaoomba namba ya siri ili "ukamilishe maoni" si dodoso, ni wizi. Waambieni na mama zenu wa kijijini.) Lakini palipotokea jambo zito, usiliache kwenye sura iliyonuna. Mtafute muuguzi mfawidhi au msimamizi wa duka, mweleze siku, saa na lilivyokuwa, na umuulize lini utarudi kupata jibu. Aliyekuhudumia vizuri naye, msifu kwa jina mbele ya mkubwa wake. Tumeona watumishi wakilia kwa hilo.

Na yule kijana wa pikipiki? Juma lililopita alitufikisha salama, lakini kofia ya abiria haikuwa na mkanda wa kidevuni, hata tulilazimika kuishikilia kwa mkono njia nzima. Tulimpa nyota tano mbele ya macho yake, kisha tukamwambia habari ya kofia. Akashangaa. "Mama, umenipa tano, sasa mbona unanilalamikia?"

Tulimwambia tano ni za kampuni, kofia ni ya kwake na abiria wake. Akacheka, akaondoka. Alhamisi tulipompata tena kofia ilikuwa na mkanda, wa rangi nyingine kabisa, umeshonwa kwa uzi wa viatu.