Msikiti wa Kudus si nusu msikiti

Tulipotoka katika msikiti wa Kudus, Java ya Kati, baadhi yetu walisema ule ni hekalu lililovishwa kanzu. Sisi wengine hatukubali. Kweli, mnara ni wa matofali mekundu, kwa mtindo wa mahekalu ya Kihindu, na juu yake imo ngoma kubwa, bedug. Lakini maandishi ya msikitini yanataja mwaka 956 Hijria, yaani 1549, na jina Kudus latokana na Quds. Nasi ambao Kiswahili chetu huchekwa kila tuendapo likizo kwa bibi, tuna uso gani wa kuwapimia Wajava uchanganyaji? Husimuliwa kwamba Sunan Kudus alikataza kuchinja ng'ombe, majirani Wahindu wasiudhike. Hadi leo supu ya mji huo ni ya kuku au nyati wa kufugwa. Tuliinywa, tukaongeza.